Supu ya Baba: mboga, pasta na kijiko kimoja cha chumvi

Baba alirudi kutoka kwa daktari na karatasi moja mkononi. Juu paliandikwa vipimo vya shinikizo la damu, 158 kwa 96, na chini yake mstari mmoja uliopigiwa wino mara mbili: apunguze chumvi. Hakusema neno mpaka tulipokaa kula. Akaonja kile nilichokuwa nimekipika bila chumvi kabisa, akaweka kijiko chini taratibu, akasema, "Mwanangu, kama ndiyo nimeanza kula vitu chapwa mpaka mwisho wa maisha yangu, niambieni mapema nijiandae."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu anayepika nyumbani ni mimi. Na chakula kilichokuwa mezani usiku ule kilikuwa supu ya mboga na pasta, supu ambayo nilijiona naijua. Nilikuwa naipika kwa haraka ya mtu aliyetoka kazini: mboga zote ndani ya maji kwa pamoja, vile vidonge viwili vya kukolezea mchuzi, pasta juu yake, funika, rudi baada ya nusu saa. Ilikuwa inaliwa na inaisha. Usiku ule nilipochukua pakiti ya vidonge na kusoma maandishi madogo ya nyuma, nikakuta chumvi imetajwa ya kwanza kwenye orodha, na orodha ile hupangwa kwa uzito: kilicho kingi ndicho kinachotangulia. Kumbe ladha yote niliyokuwa najivunia ilitoka kwenye kile kipande cha ukubwa wa kete. Nilipokiondoa, palibaki maji ya moto yenye karoti.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya mkate, ya jibini, ya vyakula vya kopo, ya kila kitu kinachopita mdomoni tangu asubuhi. Kwenye pakiti nyingi hawaandiki chumvi, wanaandika sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi, na ukitaka kujua chumvi ni kiasi gani unazidisha sodiamu kwa 2.5. Nilikaa mezani na kalamu nikapiga hesabu ya siku nzima ya Baba. Alikuwa anavuka kiwango kabla jua halijazama.

Sasa ni mwaka wa nne naipika supu hii upya, na ninataka kueleza ilivyobadilika, kwa sababu najua wako wengine wenye karatasi kama ile nyumbani kwao. Siri yake haimo kwenye kiungo chochote adimu. Imo kwenye zamu. Kila kitu kinachoingia sufuriani kina saa yake, na kikiingia kwa saa yake kinatoa ladha ambayo zamani nilikuwa naisingizia chumvi.

Inaanza na kitunguu. Kwa watu sita nakata vitunguu maji viwili, karoti mbili na mabua mawili ya seleri, vyote vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya harage. Sufuria yenye kitako kizito, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya zeituni, moto mdogo. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, na mimi niliharibu kwa miaka: tunaweka moto mkali, kitunguu kinapiga kelele, dakika tatu kimekuwa cha kahawia pembeni na kibichi katikati, tunamwaga maji. Usifanye hivyo. Sikiliza sufuria. Mwanzoni kuna mchirizo wa haraka, kama mvua kwenye bati. Hayo ni maji yanayotoka ndani ya mboga. Baada ya dakika sita au saba sauti inashuka, inakuwa mnong'ono. Harufu nayo inageuka. Ile kali inayochoma macho inaondoka, inakuja nyingine ya utamu wa taratibu, na vipande vya kitunguu vinaanza kupitisha mwanga ukivinyanyua na mwiko. Endelea kugeuza mpaka dakika ya 15. Kingo za karoti zitakuwa zimelainika na mafuta yamechukua rangi ya machungwa. Ukionja kijiko kimoja cha mchanganyiko huo, bila chumvi hata punje, utakuta ni kitamu tayari.

Waitaliano wanaita hatua hii soffritto, Wafaransa wana mchanganyiko unaofanana nao wanaouita mirepoix, na ndiyo msingi wa vyakula vyao vingi vya sufuria. Supu yenyewe ninayoieleza ni jamaa wa karibu wa minestrone ya Italia. Jina lile limenipendeza tangu nilipolielewa: minestra ni supu, na ile -one ya mwishoni inafanya kazi ya ji- yetu, kama mtu na jitu. Kwa hiyo wao wanakula jisupu. Kila mkoa wao una lake, wengine huweka mchele badala ya pasta, na hakuna orodha moja ya mboga ambayo wote wanakubaliana nayo. Ni chakula cha watu waliokuwa wanapika kile kilichopo, na hilo ndilo linalonipa ujasiri wa kuweka kilichopo jikoni kwangu.

Kitunguu kikishakuwa tayari, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa zinaingia, dakika moja tu, maana zikiungua zinaleta uchungu usioondoka. Halafu kijiko kimoja kikubwa cha nyanya nzito ya kopo, isiyotiwa chumvi. Nyanya hii naikaanga. Naitandaza kwenye kitako cha sufuria na kuiacha igande kidogo, naigeuza, naiacha tena, mpaka rangi yake nyekundu ya kung'aa iwe nyekundu ya tofali. Dakika mbili, tatu. Hatua hii peke yake ilinirudishia nusu ya kile nilichokipoteza nilipotupa vidonge.

Sababu yake inajulikana. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alichunguza mchuzi wa mwani akitafuta ladha ambayo haikuwa tamu wala chumvi, si chachu wala chungu, akakuta inatokana na glutamati. Akaiita umami. Nyanya zilizoiva zina glutamati nyingi, uyoga mkavu unayo, na jibini iliyokomaa kwa miezi mingi inayo tele. Ni ile ladha inayokufanya useme mchuzi "umeshika" hata kabla hujajua una nini. Kwa hiyo mimi hutia pia uyoga mkavu, kiganja kimoja, ulioloanishwa kwa maji ya moto dakika 20, na yale maji yake nayachuja na kuyamimina sufuriani.

Faida nyingine ya kukaanga nyanya kwenye mafuta ni ya afya. Likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, mwili huipata kwa urahisi zaidi nyanya ikiwa imepikwa na kuliwa na mafuta kuliko ikiwa mbichi. Betakarotini, ile rangi ya machungwa ya karoti, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanaopika mboga bila tone la mafuta wakidhani wanajitendea wema, na wakati huohuo sehemu ya kile walichokitafuta inapita tu mwilini bila kushikwa.

Sasa maharage, na hapa nina kisa. Mara ya pili nilipopika supu hii bila vidonge, niliyaloweka maharage usiku kucha, nikayatia sufuriani asubuhi pamoja na nyanya ili vipikwe kwa pamoja. Saa moja, magumu. Saa mbili, magumu. Baada ya saa mbili na nusu viazi vilikuwa vimepotea kabisa, karoti imekuwa rojorojo, na maharage yanagonga meno kama changarawe. Nililaumu maharage, nikasema ni ya zamani. Kumbe ilikuwa nyanya. Uchachu unazifanya kuta za punje zishikilie, zisilainike, na maharage yakiwa bado magumu yakakutana na uchachu, yatakaa hivyo muda mrefu mno. Watu wengi husema chumvi ndiyo inayoyagandisha maharage, lakini chumvi husingiziwa tu katika hili. Tangu siku hiyo yanapikwa kwenye sufuria yao mpaka yalainike kabisa, ndipo yanakutana na nyanya.

Nayapika gramu 200, yakiwa makavu. Yalale kwenye maji usiku, maji yale yamwagwe, yawekwe mapya. Na tafadhali, kama ni maharage mekundu, yachemke kwa nguvu, yatokote kweli, angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Mabichi yana lektini, aina ya protini inayoweza kumtapisha na kumwendesha mtu vibaya, na moto wa chini pekee hauiui. Ndiyo maana sufuria za umeme za kupika polepole si mahali pa kuanzia maharage mekundu mabichi. Maji yaliyoyapikia, yale mazito yenye rangi, usiyamwage. Ndiyo mchuzi wako. Ukichukua vikombe viwili vya maji hayo na upawa mmoja wa maharage uliouponda kwa mwiko, supu inapata uzito bila unga wala krimu.

Baada ya hapo ni zamu kwa zamu. Maji yafike kama lita 2 kwa jumla, pamoja na ya maharage na ya uyoga. Viazi viwili na karoti nyingine moja iliyokatwa minene vinatangulia, pamoja na nyanya za kopo gramu 400. Baada ya dakika 10, robo ya kabichi iliyokatwa na maharage mabichi ya kijani. Dakika 8 nyingine, zukini, ambayo haitaki zaidi ya dakika tano. Maharage yaliyoiva yanaingia hapo. Moto uwe wa kutokota taratibu. Ukiacha ichemke kwa fujo mboga zinagongana na kuvunjika kingo. Spinachi ndiyo ya mwisho kabisa, moto ukiwa umeshazimwa. Inanywea kwa joto la supu lenyewe ndani ya dakika moja. Mboga za kijani zikikaa muda mrefu kwenye mchuzi wenye nyanya, uchachu na joto huondoa magnesiamu iliyo ndani ya klorofili, ile rangi yake ya kijani, na ile kijani ya kupendeza inageuka rangi ya jani lililokauka. Vitamini C nayo haivumilii moto mrefu. Uzuri wa supu ni kwamba kile kinachovuja kwenda majini hakimwagwi kwenye sinki, kinanywewa.

Pasta nilikuwa naitendea vibaya kuliko vyote. Jumapili moja nilipika sufuria kubwa kwa nia ya kula siku tatu. Usiku ilikuwa nzuri sana. Asubuhi nilifungua friji nikakuta mchuzi umetoweka. Pasta ilikuwa imevimba mara mbili, laini kiasi cha kukatika kwa kijiko, na sufuria nzima ni uji mzito wa waridi. Pasta haiachi kunywa maji kwa kuwa umezima jiko. Wanga wake ukishafunguka kwa joto huendelea kuvuta mchuzi maadamu umelala ndani yake. Tangu hapo naichemsha kando, kwa muda pungufu ya uliotajwa kwenye pakiti kwa dakika mbili hivi, naichuja, naipaka mafuta kidogo isigandamane, naihifadhi kwenye bakuli lake. Wakati wa kula, kijiko kikubwa cha pasta kinaingia kwenye bakuli la kila mtu, supu ya moto juu yake, na kiini chake kinamalizikia kuiva hapohapo. Bado kinashikashika kidogo kwenye jino, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Kama utaila yote kwa mkao mmoja, ipike ndani ya supu, dakika zile za mwisho; wanga wake utaufanya mchuzi uteleze vizuri. Chagua maumbo madogo yanayokaa kijikoni pamoja na mboga: ditalini, orzo, vinyota, au tambi ndefu ulizozivunjavunja kwa mkono. Ile ya unga wa ngano isiyokobolewa ina nyuzinyuzi zaidi na inastahimili mchuzi, nami ndiyo ninayompa Baba. Gramu 150 zinatosha watu sita. Najua zinaonekana chache mezani zikiwa kavu, lakini ukiongeza, pasta inaiteka sufuria na mboga zinakuwa mapambo. Na usidhani wanga huo ni wa kujazia tumbo tu. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na maharage yana lisini ya kutosha, kwa hiyo bakuli moja lenye vyote viwili linampa mtu protini iliyotimia zaidi kuliko kimoja peke yake.

Chumvi naipima. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima, ambacho ni karibu gramu 6, yaani gramu 1 kwa kila mtu. Naitia mwishoni, supu ikiwa imeshapungua kadiri itakavyopungua, kwa sababu ukiitia mapema maji yakipungua yenyewe inabaki, na mkono unakuwa umeshakosea. Halafu juisi ya nusu limau. Wengi huiona limau kama pambo, lakini jaribu: onja supu, kamulia, onja tena. Ulimi unasikia chumvi iliyokuwepo kana kwamba imeongezwa. Pilipili manga ya kusagwa papo hapo, majani ya giligilani, na uzi mwembamba wa mafuta ya zeituni juu ya kila bakuli. Jibini ngumu ya kukuna naipenda, ila nayo ina chumvi, kwa hiyo kwa Baba ni kijiko kimoja cha chai, si kiganja.

Jambo moja la kuangalia kwa makini. Maharage, viazi, nyanya na spinachi vina potasiamu nyingi, na kwa wengi wenye shinikizo hilo ni jema. Lakini mtu mwenye maradhi ya figo anaweza kuwa ameambiwa apunguze potasiamu hiyohiyo. Kwa mtu huyo supu hii ipitishwe kwanza kwa daktari wake. Hata zile chumvi zinazouzwa kuwa ni za wenye shinikizo, nyingi zimechanganywa na kloridi ya potasiamu, hivyo onyo ni lilelile.

Kiporo chake ni kitamu kuliko ya siku ya kwanza. Ladha zimelala pamoja. Usiiache juu ya jiko usiku kucha: igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili ipoe upesi, iingie frijini ndani ya saa mbili. Inakaa siku tatu mpaka nne. Kwenye friza inakaa hata miezi mitatu ikiwa haina pasta. Viazi hulegea kidogo, sijali. Ukiipasha, iache itokote kabisa, na ikiwa imekuwa nzito ongeza maji, halafu limau. Usikimbilie chumvi.

Baba hakuipenda mara moja, nisidanganye. Wiki mbili za kwanza mkono wake ulikuwa unakitafuta kichupa cha chumvi mezani, nami nilikuwa nimeshakiondoa, na mkono unarudi mtupu. Hakulalamika tena kwa mdomo, na ukimya wake ulikuwa mgumu kwangu kuliko malalamiko. Nilikuwa namwangalia anavyokula, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayemaliza dawa. Wiki ya tano au ya sita aliomba kuongezewa. Mwezi uliofuata tulialikwa mahali, ikaletwa supu, akanywa vijiko viwili akaniinamia sikioni: "Hii wameichotea baharini." Ulimi huzoea, inachukua wiki kadhaa, lakini huzoea kweli. Kipimo cha juzi kilisomeka 134 kwa 84. Anatumia dawa pia, na anatembea kila asubuhi, kwa hiyo siwezi kuipa supu sifa zote. Naipa sehemu yake.

Siku hizi akisikia ubao wa kukatia umewekwa mezani anakuja kuvuta kiti. Kukata kitunguu hawezi, macho yake hayastahimili, kwa hiyo karoti ni zake. Anazikata minene, kipande kimoja kama kidole gumba, kingine kama kifungo, wala hataki kuelekezwa. Nimeacha kumsahihisha. Zile alizozikata yeye ndizo zinazotangulia sufuriani pamoja na viazi, na ile minene kabisa naipa dakika tano zaidi.